Tao la Babu, daraja la Wachina na programu za zamani

Leo hakuna msimbo hapa. Waliokuja kutafuta sehemu ya tatu ya somo la hifadhidata naomba wavumilie kidogo, iko karibu kukamilika. Leo nataka kuandika juu ya madaraja ya mawe. Kabla hujafunga ukurasa nipe dakika kumi tu, maana utaona kuwa mambo haya yanaihusu kazi yetu ya kutunga programu kuliko unavyodhani.

Ukitaja daraja na Mchina kwa pumzi moja hapa Nairobi, kila mtu anafikiria Nairobi Expressway, ile barabara ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022. Mimi nazungumzia daraja la Wachina lenye umri wa miaka 1,400.

Nililijua kupitia kalenda. Wanaoijua Islii wanajua maduka yetu: mzigo mwingi unatoka Guangzhou na Yiwu, na mwaka ukiisha wauzaji wa huko huwapa wateja wao kalenda. Nina mteja mmoja, mama anayeuza mapazia na mazulia karibu na Jam Street, ambaye namtunzia programu ya stoo. Juu ya kompyuta yake ameitundika kalenda yenye picha ya daraja la mawe. Tao moja pana, halikuinuka sana, limejinyoosha kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye mabega yake kuna matao madogo manne, mawili kila upande, kama madirisha. Kichina sisomi, kwa hiyo nikaipiga picha kwa simu na kuitafuta kwenye intaneti. Jibu likaja: Daraja la Zhaozhou, mkoa wa Hebei, kusini mwa Beijing.

Daraja hilo lilikamilika karibu mwaka 605, wakati wa ufalme wa Sui. Tao kubwa lina upana wa mita 37 hivi kutoka mguu hadi mguu, na kimo chake ni mita 7 tu na kidogo. Aliyelijenga ni fundi aitwaye Li Chun. Jina lake tunalijua kwa sababu karne iliyofuata, enzi ya Tang, ofisa mmoja aliandika maneno machache kulisifu daraja na akamtaja fundi. Katika maneno hayo akasema pia kwamba ujenzi wake ni wa ajabu na watu hawajui fundi alifuata kanuni gani.

Nilicheka peke yangu pale dukani. Kila mwanaprogramu amewahi kukutana na maelezo ya namna hiyo juu ya msimbo wa zamani: "Fulani ndiye aliyeiandika. Inafanya kazi. Hatujui kwa nini."

Tao linasimamaje?

Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, si ujenzi. Lakini nina Babu. Babu yangu ni fundi wa mawe, sasa ana miaka 81 na anaishi kwake Machakos. Alikuja Nairobi mwaka 1962 akiwa kijana, akaanza kama mbeba mawe, kisha fundi mmoja Mhindi, Kalasinga mwenye kilemba, akampa tindo na nyundo na kumfundisha kuchonga. Wamejenga pamoja Pangani, Ngara na hapa Islii. Nikampigia simu nikamuuliza: Babu, tao linasimamaje bila nguzo katikati?

"Kila jiwe linataka kuanguka," akasema. "Likitaka kuanguka linamkuta jirani yake, na yeye pia anataka kuanguka. Wanabanana. Hakuna anayepata nafasi."

Nikasoma zaidi na kuona kwamba vitabu vya uhandisi vinasema jambo hilo hilo kwa maneno mengi. Jiwe ukilikandamiza halina shida, linavumilia uzito mkubwa ajabu. Ukilipinda linavunjika. Jiwe refu lililolazwa juu ya mto kama ubao linapindwa na uzito wake lenyewe, ndiyo maana haliwezi kuvuka mahali papana. Tao linaugeuza uzito wote kuwa mkandamizo: jiwe la juu linasukuma la chini yake, nalo linasukuma lililo chini zaidi, hadi nguvu yote inaishia ukingoni, ikisukuma ardhi kwa nje. Miguu ikisogea, tao limekwisha. Miguu ikikaa, kadiri unavyoliongezea uzito wa kiasi ndivyo mawe yanavyozidi kubanana.

Tatizo ni wakati wa kujenga. Tao lisilokamilika haliwezi kusimama hata dakika moja, kwa hiyo unajenga kwanza kiunzi cha mbao chenye umbo la tao, unapanga mawe juu yake kutoka pande zote mbili, unaingiza jiwe la katikati juu kabisa, ndipo unakitoa kiunzi. Siku ya kutoa kiunzi, anasema Babu, hakuna fundi anayekula chakula cha mchana.

Sasa sikia alichofanya Li Chun. Hakujenga tao moja nene. Alijenga matao membamba 28, kila moja likijitegemea, yamesimama bega kwa bega kama vitabu kwenye rafu. Ukiwa na matao ya namna hiyo unaweza kutumia kiunzi kile kile: unamaliza moja, unakisogeza, unajenga la pili. Na siku moja likiharibika, unalitengeneza hilo bila kuyagusa mengine. Sisi tunaliita jambo hili moduli, na tunafundishwa chuoni kana kwamba liligunduliwa pamoja na kompyuta.

Kila muundo una bei yake. Vitabu vilivyosimama bila kushikwa huanguka upande. Li Chun alilijua hilo, akaunganisha mawe kwa vipande vya chuma, akapitisha vyuma kutoka upande hadi upande, na akalifanya daraja liwe jembamba kidogo katikati kuliko miguuni ili matao ya nje yaegemee ndani. Hata hivyo katika karne zilizofuata baadhi ya matao ya pembeni yalianguka mtoni, zaidi ya mara moja. Daraja halikuanguka. Watu waliendelea kuvuka juu ya yaliyobaki, na mafundi wa zama zile wakarudishia baadhi ya yaliyoanguka.

Kwa hiyo ukisikia daraja limedumu miaka 1,400, usidhani limeachwa tu. Limedumu kwa sababu lilijengwa kwa namna inayokubali kutengenezwa, na kila zama zilikuwa na watu walioweza kulitengeneza.

Meno ya bandia

Mwaka 1933 mwanahistoria wa majengo wa Uchina, Liang Sicheng, alifika pale akalipima daraja na kulichora. Miaka ya 1950 serikali ikalifanyia matengenezo makubwa. Mawe ya nakshi yaliyokuwa yamezama yalifukuliwa kutoka chini ya mto. Mwaka 1961 likaingia katika orodha ya kwanza ya urithi unaolindwa na taifa, na mwaka 1991 chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kikalitambua kuwa alama ya kimataifa ya historia ya uhandisi.

Ungedhani Liang alifurahi. Alilalamika. Aliandika kwamba daraja lilirudi likiwa jipya mno, kama mzee aliyegeuzwa kijana, na uzee wake ulikuwa sehemu ya thamani yake. Alitoa mfano wa meno yake ya bandia: daktari alimwekea meno ya rangi ya manjano kidogo, si meupe pe, ili yafanane na umri wake. Kwa maoni yake ndivyo inavyotakiwa kutengeneza kitu cha zamani: kikitengenezwa kiendelee kuonekana cha zamani.

Weka mfano huo akilini, nitaurudia.

Mzee wa Gojjam

Karibu na nyumbani kuna mkahawa wa Wahabeshi. Wasioijua Islii hufikiri ni mtaa wa Wasomali peke yao, lakini Waethiopia wako wengi, na kahawa yao haina mpinzani Nairobi nzima. Nilikuwa nimemwonyesha mzee mmoja pale picha ya daraja la Wachina kwenye simu. Akaitazama, akairudisha, akasema: "Kijana, sisi pia tunayo. Juu ya Abbay."

Abbay ni jina la Nile ya Buluu kwa Kihabeshi. Na mzee alisema kweli. Karibu na maporomoko ya Tis Abay, si mbali na mji wa Bahir Dar, kuna daraja la matao ya mawe lililojengwa miaka ya 1620 wakati wa Mfalme Susenyos. Wageni wanaokwenda kuyaona maporomoko hulivuka kwa miguu mpaka leo. Wakati huo mapadri Wajesuiti kutoka Ureno walikuwa nchini, na pamoja nao walikuja mafundi kutoka India walioonyesha namna ya kuchoma mawe kupata chokaa ya kujengea.

Kisha ikatokea siasa. Fasilides alipotawala, kuanzia mwaka 1632, aliwafukuza Wajesuiti wote. Ukifukuza walimu, je, elimu huondoka nao? Ukitazama yaliyofuata utaona haikuondoka. Fasilides huyo huyo akajenga Gondar, mji wa makasri ya mawe na chokaa ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1979. Na wakati wa utawala wake likajengwa daraja jingine la matao juu ya Abbay, mbali zaidi chini ya mto, kuunganisha Gojjam na upande wa Gondar. Ujuzi ulikuwa umeshaingia mikononi mwa watu wa pale.

Daraja hilo la pili ndilo mzee wangu analijua, maana anatoka upande huo. Linaitwa Sebara Dildiy, yaani daraja lililovunjika. Wakati wa vita na Waitalia, kati ya miaka ya 1935 na 1941, tao lake moja lilikatwa ili kumzuia adui. Adui aliondoka, tao halikurudishwa. Kwa takriban miaka 60 watu waliotaka kuvuka walifungwa kamba, wanaume wakisimama kila upande wa pengo wakawavuta juu ya maji. Wafanyabiashara, wagonjwa, watu wa harusi, wote kwa kamba.

Picha ya watu hao ilitoka katika jarida la National Geographic. Mmarekani mmoja aliyefanya biashara ya ujenzi, Ken Frantz, aliiona, akaanzisha shirika la Bridges to Prosperity, na mwaka 2002 pengo likazibwa kwa chuma. Mwaka 2005 mafuriko yakakiondoa kile kiraka cha chuma. Mwaka 2009 likajengwa daraja jipya la kuning'inia kwa nyaya za chuma, la watu na mifugo. Leo shirika hilo linajenga madaraja ya miguu katika nchi nyingi, Rwanda na Uganda zikiwemo.

Nimefikiria sana tofauti kati ya Zhaozhou na Sebara Dildiy. Yote mawili yalijengwa na mafundi hodari. Yote mawili yaliwahi kupoteza tao. La Uchina lilirudishiwa mawe kwa sababu mafundi walikuwepo na kuna aliyewalipa. La Abbay lilisubiri miaka 60, na lilipopata msaada, msaada ulikuwa wa chuma kutoka mbali. Silaumu chuma. Mtu anayevutwa kwa kamba juu ya mto hahitaji hotuba ya urithi, anahitaji kuvuka. Lakini ina maana kwamba mahali palipokuwa na watu wa kujenga matao ya mawe karne ya 17, karne ya 21 hawakupatikana wa kulirudisha moja.

Sasa turudi Islii

Mtaa wetu ulianza rasmi mwaka 1921. Nyumba nyingi za mwanzo zilijengwa na Wahindi: za mawe, za chini, zenye ua katikati na vyumba kuuzunguka. Baada ya vita vya Somalia kuanza mwaka 1991 na wakimbizi kufika, nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuzwa maduka, na kuanzia hapo Islii ikapanda juu, ghorofa baada ya ghorofa. Zile nyumba za ua zimekuwa zikipungua kila mwaka.

Sisi tulikuwa tunapanga katika mojawapo, Sehemu ya Kwanza. Baraza lake lilikuwa na matao matatu ya mawe. Nilizaliwa nikayakuta, nikayapiga mpira, nikayachora kwa chaki. Januari tukapewa notisi: tuhame kufikia mwisho wa Agosti, nyumba inabomolewa, litajengwa jengo la ghorofa nyingi. Notisi ilikuwa ya haki na muda ulikuwa wa kutosha. Mwenye nyumba ana haki na ploti yake, na kwa bei ya ardhi ya Islii hakuna hesabu inayokubali vyumba vinane vya chini.

Nilipoanza kulalamika nyumbani kwamba urithi unabomolewa, dada yangu alininyamazisha. "Unalilia matao," akasema, "na maji yanakuja mara mbili kwa wiki na choo tunatumia watu ishirini. Wewe ukihamia ghorofa yenye lifti utakumbuka baraza?" Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani wanaoandika kuhusu uhifadhi huwa na jibu la haraka kwa mtu kama dada yangu. Kitu cha zamani kinachowatesa wanaokaa ndani yake hakiwezi kutetewa kwa uzuri wake tu.

Lakini kuna mambo mawili ambayo huchanganywa. Moja ni kitu chenyewe. La pili ni maarifa yaliyomo ndani ya kitu. Mwaka 2000 Joel Spolsky aliandika makala inayojulikana sana na wanaprogramu, kuhusu Netscape walioamua kuandika upya kivinjari chao tangu mwanzo na kukaa karibu miaka mitatu bila toleo kubwa jipya. Hoja yake ni kwamba msimbo wa zamani unaoonekana mbaya umejaa marekebisho, na kila rekebisho ni jambo ambalo mtu alijifunza kwa taabu.

Nalijua hilo kutoka kwenye programu ya mama wa mapazia. Iliandikwa na mtu mwingine, zamani, kabla mimi sijamaliza shule ya upili. Kuna mstari mmoja unaozidisha kipimo cha kitambaa kwa 0.9144, lakini kwa wauzaji watatu tu. Hakuna maelezo yoyote kando yake. Mtu wa haraka angeufuta. Nilipomuuliza mama, akasema bila hata kuinua macho: "Hao watatu wanauza kwa yadi, wengine kwa mita." Yaani hasara ya tisa katika kila mia imezuiwa na mstari mmoja, na maana yake haikuandikwa popote isipokuwa kichwani mwake.

Je, nyumba yetu ilikuwa na mistari kama hiyo?

Mei nikamleta Babu Nairobi. Akakaa kwenye kiti mbele ya baraza asubuhi nzima akiyasoma matao kama ninavyosoma msimbo. Akakwangua lipu kwa msumari, akaanza kunionyesha. Kila tao lina mawe 13, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili liwepo moja la katikati. Tao la kushoto lina jiwe moja pana kuliko wenzake upande wa kulia: fundi alifika juu akakuta pengo halitoshi, akarekebisha kwa jiwe moja badala ya kuvunja yote. Upande wa ndani ya tao la katikati kuna chokaa ya rangi mbili: liliwahi kufunguka, likafungwa na mtu mwingine. Aliyejenga nyumba hiyo Babu hamjui, ni ya kabla ya wakati wake. Lakini akasema, "Huyu na mwalimu wangu wamejifunza mahali pamoja."

Nikarekodi kila neno kwa simu. Nikapima kwa futi kamba, nikapiga picha zaidi ya 400, nikayapa mawe namba kwa rangi: K1 hadi K13, kisha M, kisha S. Nikatengeneza hifadhidata ndogo ya mawe 39, kila jiwe na vipimo vyake vinne na picha zake. Dada yangu alicheka sana, kisha yeye ndiye akanishikia futi.

Kisha nikaenda kwa mwenye nyumba nikamwomba mawe ya matao. Akanitazama kama mtu aliyeombwa takataka. Kwake kilikuwa kifusi cha kulipia lori. Akasema nije siku ya kubomoa, nisichelewe.

Mawe 39

Kwa Babu, Machakos, kuna korongo dogo kati ya lango lake na njia ya kwenda mtoni. Wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Wakati wa mvua watoto wa shule wanazunguka mbali au wanaruka, na kila mwaka yupo anayeteleza. Upana wake ni karibu mita mbili. Tao la baraza letu lilikuwa na upana wa karibu mita mbili, na unene wa sentimita 40.

Ukishasoma habari za Li Chun huwezi kukosa kuliona hili. Matao matatu ya sentimita 40, yakisimama bega kwa bega, ni daraja la mita 1.2. Linamtosha mtu, mbuzi, punda na baiskeli. Na linahitaji kiunzi kimoja tu, kinachosogezwa mara tatu.

Tulijenga Septemba. Babu alikaa kwenye kiti chini ya mwembe na kutoa amri, binamu zangu wawili wakafanya kazi, mimi nikasoma namba za mawe kutoka kwenye laptopu. Miguu ilichukua muda mrefu kuliko matao: Babu alikataa kabisa tuweke jiwe la kwanza kabla hatujachimba hadi kwenye mwamba. Vyuma vya kuunganisha matao tulitengenezewa na fundi wa jua kali pale sokoni. Siku ya kutoa kiunzi cha tao la kwanza, nathibitisha, hakuna aliyekula chakula cha mchana.

Mawe mawili, M4 na S11, yalivunjika wakati wa kubomoa. Ikabidi tununue mawe mapya na kuyachonga. Hapa ndipo nilipomkumbuka Liang Sicheng na meno yake. Mawe ya nyumba yalikuwa ya kijivu kilichokolea kwa moshi na miaka. Mapya yalikuwa meupe, yanaonekana kutoka barabarani. Nikamwambia Babu habari ya daktari wa meno, nikapendekeza tuyapake matope na masizi yafanane na wenzake.

"Hapana," akasema. "Yaache. Kesho mtu akija kutengeneza ajue lipi lilibadilishwa."

Liang alikuwa anafikiria macho ya mtazamaji. Babu alikuwa anamfikiria fundi atakayekuja baadaye. Kwa daraja la kifalme ambalo leo liko ndani ya bustani na watu hulitembelea kulitazama, huenda Liang ana haki. Kwa daraja la korongoni nimekwenda na Babu. Tena hata kwenye msimbo nataka mabadiliko yaonekane, yawe na tarehe na jina la aliyefanya, kuliko yafichwe vizuri.

Sisemi kwamba kila nyumba ya Islii ibomolewe ikajenge madaraja Ukambani. Kuna majengo yanayostahili kubaki mahali yalipo na kutumika, na wapo wanaofanya kazi hiyo vizuri. Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017, limekuwa likikarabati maktaba ya McMillan mjini pamoja na matawi yake ya Eastlands, Kaloleni na Makadara, na wameyafanya yawe mahali ambapo watoto wa mtaani wanakwenda kusoma. Maktaba inayosomewa ina watu wa kuipigania. Ninachosema ni kwamba jengo likibaki na watu wanaojua kulitengeneza wakiisha, limeanza safari ya Sebara Dildiy. Waliobaki Nairobi wanaoweza kujenga tao la mawe kwa mkono ni wachache, na wengi ni rika la Babu. Hao hakuna anayewapa notisi ya miezi minane.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wanaprogramu wenzangu ni dogo. Kila mmoja wetu ana simu yenye kamera na ana mzee mmoja anayejua kitu: kusuka, kushona viatu, kuchonga ngoma, kuunda jahazi, kuchoma chokaa. Mrekodi. Usimrekodi akisimulia tu, mrekodi akifanya, kisha ujaribu kufanya mwenyewe mbele yake akurekebishe. Nilikuwa na saa sita za video za Babu akieleza tao, lakini namna jiwe la katikati linavyoingia nilielewa siku niliyoligonga mwenyewe nyundo ya mwisho na kusikia mlio wake ukibadilika. Mlio huo haumo kwenye hifadhidata yangu, ila sasa tunaujua watu watatu zaidi.

Mvua za Novemba zimeanza Ukambani. Maji yamepita chini ya daraja mara nne, mara moja yakafika nusu ya kimo chake. Binamu yangu hunitumia picha kila asubuhi na mimi nahesabu: K, M, S, mawe yote 39 yapo. Upande wa chini wa jiwe la katikati, mahali ambapo lazima uiname kuona, tumechonga mwaka tulioyahamisha matao na jina la yule Kalasinga aliyempa Babu tindo. Babu alilitamka, mimi nikaandika herufi kwa chaki, binamu akachonga.